Kipimo cha tTG cha binti yangu kilikuwa kinashuka, sa hivi kimepanda, au ndo mi sijui kusoma majibu?

MamaNuru_Makorora:

Habari za jioni wadau, shikamooni wakubwa wote. Niko Tanga, Makorora, nina watoto wawili, naomba mwenye kujua anisaidie maana nimetoka kuchukua majibu saa nane mchana na mpaka sa hivi karatasi iko mkononi sijui nilie au nishukuru.

Binti yangu ana miaka 9, ana siliaki, ule ugonjwa ambao mtu akila ngano mwili wake wenyewe unaushambulia utumbo. Tulihangaika naye miaka, tumbo limejaa miguu kama njiti, kuharisha hakukatiki, damu inapungua kila tukipima, tukaambiwa minyoo, tukaambiwa amiba, tukaambiwa taifodi, dawa za minyoo kanywa mpaka basi. Na mtaani nako hawakunyamaza, mtoto akikonda vile mnajua watu wanasema nini, mpaka wifi yangu akaniita pembeni kuniuliza kama mi na baba yake tumeshapima. Tumepima, nikamwonyesha, na maneno hayakuisha. Mwisho dokta mmoja wa watoto ndo akashtuka, tukaenda Dar, akapimwa damu, akaingizwa kamera wakachukua kinyama cha utumbo, jina la ugonjwa likapatikana hapo.

Sasa namba zake. Siku ya kwanza kipimo kinaitwa tTG IgA kilisoma zaidi ya 200 na karatasi ilisema kawaida ni chini ya 10. Miezi sita bila ngano ikawa 86. Mwaka ikawa 41. Nikafurahi jamani, mtoto kanenepa, anacheza, anakimbia, shule haumwi tena. Safari hii nauli ya Dar ilikuwa ngumu nikasema nimpime hapa hapa mjini, ni miezi 16 toka aanze kuacha ngano, majibu yamekuja 58! Kwenye karatasi hii wameandika kawaida ni chini ya 20, sijui kwa nini hii wameandika tofauti. Aliyenipa majibu kaniambia tu "bado iko juu mama" akaita mwingine.

Wallahi nyumbani kwangu unga wa ngano hauingii. Tunakula ugali wa dona, wali, mihogo, ndizi, samaki, maharage. Sasa imepandaje? Na jingine, mama mkwe anasema mtoto kashapona si unamwona mwili, kwaiyo Idd apewe chapati moja tu asijisikie mpweke mbele ya wenzake. Na baba yake naye anauliza kama mtoto yuko vizuri hivi vipimo vya kila mara vya nini, hela ndefu. Nimjibu nini?

Sindano_na_Chupa:

Dada pole na hongera kwa wakati mmoja, kumtoa mtoto kutoka zaidi ya 200 mpaka 41 kwa mwaka sio kazi ndogo. Mi sio dokta, nafanya kazi maabara hapa hapa Tanga miaka kumi na ushee, ntakwambia upande wangu tu na dokta wa mtoto ndo wa mwisho.

Kwanza tulia, hiyo 58 huwezi kuiweka kwenye mstari mmoja na 41. Kila kiwanda kinatengeneza vitendanishi vyake, yani dawa za kupimia, na kina yuniti zake na kikomo chake, hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima cha tTG kama ilivyo kilo au mita. Maabara ya Dar kikomo chao 10, hii ya huku kikomo chao 20. Ukitaka kupata picha ya harakaharaka gawanya namba kwa kikomo chake, ile 41 ilikuwa mara nne ya kikomo, hii 58 haifiki mara tatu. Kwaiyo inawezekana kabisa haijapanda, inawezekana hata imeshuka. Ila sikwambii imeshuka maana hata hiyo kugawanya ni kukisia tu, vitendanishi tofauti havilingani hata ukigawanya. Dawa yake ni kurudi maabara ileile, kila mara ileile, na karatasi zote uziweke kwenye faili moja. Kama nauli ni tatizo ulizia, maabara nyingi huku tunatoa damu alafu sampuli inasafirishwa kwenda Dar, mtoto abaki Makorora damu ndo ipande basi. Na haihitaji kufunga kula, usimpeleke mtoto na njaa bure.

Pili, namba hiyo inapima nini. tTG ni kimeng'enya kilichoko mwilini mwetu sote, hiki kinachopimwa ni kingamwili ambazo mwili wa mwenye siliaki unazitengeneza dhidi ya kimeng'enya hicho anapokula gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano. Wajerumani ndo walioligundua hilo mwaka 1997 na toka hapo kipimo kikawa rahisi. Ukiacha gluteni kiwanda cha kingamwili kinapunguza kazi, namba inashuka taratibu, haizimiki kama taa. Aliyeanza chini anaweza kufika kawaida ndani ya miezi sita au mwaka, aliyeanza juu sana kama binti yako miaka miwili sio ajabu na wapo wanaozidi hapo. Ndo maana tunaangalia mwelekeo. Ratiba ya kawaida ni miezi sita, mwaka, alafu ikishatulia mara moja kwa mwaka.

Tatu, na hii ndo ya kumjibu bibi. Damu ikisoma kawaida maana yake mtoto hali ngano ya kutosha kuamsha kingamwili, haina maana kapona. Siliaki haiponi, inalala. Chapati moja ya Idd inaiamsha. Na kuna upande wa pili wa shilingi ambao watu hawaambiwi: kipimo hiki kinakamata vizuri mtu anayekula ngano waziwazi, vijichembe kidogokidogo kinaweza kuvikosa. Kuna utafiti wa Italia uliochapishwa 2007, watu wenye siliaki waliokuwa wameshatulia walipewa miligramu 50 tu za gluteni kwa siku kwa miezi mitatu, utumbo ukaanza kuharibika. Slesi moja ya mkate ina gramu mbili na zaidi, kwaiyo miligramu 50 ni kama kuikata slesi vipande arobaini ukachukua kimoja. Yani wapo watu damu inasoma kawaida na ukiingiza kamera vinyweleo vya utumbo, vile vinavyonyonya chakula, bado havijasimama. Damu ni shahidi mmoja, usimfanye hakimu.

Kwaiyo kwa baba watoto, vipimo ni vya kumjua adui kabla hajaonekana kwenye mwili wa mtoto. Na usipime tTG peke yake, muulize dokta kuhusu wingi wa damu, feritini maana madini chuma ndo yanayopotea kwanza, foleti na B12, vitamini D, ini, na tezi ya shingo maana thairoidi na siliaki hupenda kutembea pamoja. Si kila safari vyote, dokta atachagua.

La mwisho, una mtoto wa pili. Ndugu wa tumbo moja mmoja kati ya kumi hivi anakuwa nayo hata kama haumwi. Mpimeni. Ila mpimeni akiwa bado anakula mkate na maandazi huko nje, akishaacha ngano kipimo kinaweza kudanganya.

Mvuvi_wa_Kaole:

Dada mimi niko Bagamoyo, ninayo hii siliaki mwenyewe mwaka wa saba sasa. Mtaalam hapo juu kamaliza habari ya namba, ila mimi nataka kuongelea neno lako moja, "unga wa ngano hauingii nyumbani". Mi nilisema hivyohivyo kwa mwaka mzima na namba yangu ilikuwa imesimama palepale kama nguzo ya umeme.

Niulize, dona mnasaga wapi?

Nyumbani kwetu tulikuwa tunapeleka mahindi mashine ya mtaani, tunaosha, tunaanika, tunayapepeta safi kabisa, mke wangu ana mkono msafi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Siku moja nimekaa pale nasubiri zamu nikaona mama mbele yangu anamimina ndoo ya unga wa lishe, mahindi na ulezi na soya na karanga na NGANO, humohumo kwenye mdomo wa mashine, akamaliza kusaga, na mahindi yangu yakaingia yeye hajaondoka. Hamna anayefagia mashine. Ule unga unaobaki kwenye jiwe na kwenye mfuko ndo unatoka na kilo zako mbili za kwanza. Nilisimama pale nikahisi kulia, mwanaume mzima, nikikumbuka kila ugali niliokula mwaka ule nikijua najitibu.

Toka siku ile tulinunua kinu cha kusagia kidogo cha kuzungusha kwa mkono, baadae Mungu akajalia kikawa cha umeme, na mahindi yetu hayajawahi kwenda mashineni tena. Kipimo kilichofuata namba ikashuka nusu. Nusu! Jumla nilichukua miaka miwili na nusu kufika kawaida, mi ni mtu mzima utumbo wetu mzito kupona, watoto wanawahi zaidi.

Vingine ambavyo viliniponza mimi: chipsi za mtaani zinakaangwa mafuta yaleyale ya sambusa. Bajia, muuzaji anakwambia ni dengu tupu kumbe kachanganya ngano zishikane. Urojo, ule uzito wake ni unga wa ngano. Mishkaki iliyolowekwa sosi ya soya, sosi nyingi za soya zina ngano ndani. Katlesi zimeviringishwa kwenye chenga za mkate. Vitumbua vya mchele ni vyetu kabisa lakini uliza, wapo wanaoongeza ngano kubana matumizi ya mchele. Shuleni je, uji wa saa nne ni wa nini? Na shayiri nayo ni adui, wengi wanajua ngano peke yake.

Usimtafute mchawi ndani ya nyumba kabla hujaangalia mashine. Na usimgombeze mtoto. Mi nimeona mtoto anahojiwa kama mwizi, "umekula nini, sema ukweli", kwa sababu ya namba kwenye karatasi, na mtoto hana kosa.

Babu_Pongwe:

Nimesoma yote wanangu. Sipingi ila haya maradhi naona ni ya wazungu. Sisi tumekula mikate ya mofa na chapati toka tuko wadogo Tanga hii hakuna aliyekufa. Mtoto mpeni mlonge na asali tumbo litakaa sawa, na vipimo vingi ni biashara.

Mvuvi_wa_Kaole:

Shikamoo mzee wangu. Mlonge ni mboga nzuri na mimi nakula, ila hauondoi siliaki, ningeshapona zamani. Na kuhusu wazungu, watoto wa Kisahrawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi, walipimwa na majibu yakachapishwa 1999, ikaonekana karibu sita katika kila mia wanayo, zaidi ya Ulaya kwenyewe. Ni kwamba kwetu hatupimi, mtoto anakufa kwa kuharisha tunasema kudura.

Na hao wazungu wenyewe hawakujua. Waholanzi walikuwa na dokta wa watoto anaitwa Dicke, siku nyingi alishahisi ngano, alafu njaa ya vita mwaka 1944 kuingia 1945 mikate ikaadimika kabisa, watu wanakula mpaka vitunguu vya maua, na wale watoto wake wagonjwa wa tumbo ndo wakawa wanapata nafuu. Mkate uliporudi wakarudia kuumwa. Hebu fikiria mzee, mji mzima una njaa na hawa ndo wananenepa.

Babu_Pongwe:

Marahaba mwanangu. Hilo la mkate kurudi limenigusa. Niseme ukweli nina mjukuu wa miaka minne hapa Pongwe, tumbo lake ni kama alivyoeleza huyu binti wa Makorora, na shida ya mkate tumeshaiona wenyewe, akila analala na tumbo. Toka mfungo wa Ramadhani bibi yake kamkataza mkate na maandazi na kweli ana nafuu. Sasa tukienda hospitali tuseme tunataka nini?

Sindano_na_Chupa:

Shikamoo babu. Mwambieni dokta mnataka tTG IgA pamoja na IgA ya jumla, viwili kwa pamoja. IgA ni aina moja ya kingamwili. Sababu ni kwamba wapo watu wachache, wawili watatu katika kila mia wenye siliaki, miili yao haitengenezi IgA kabisa, hao tTG IgA inasoma sifuri na ugonjwa upo, inabidi wapimwe kwa njia ya IgG, kingamwili za aina nyingine. Huyu Nuru hana shida hiyo maana namba yake ilivyokuwa kubwa ni wazi IgA anayo.

Ila tatizo ni hilo la kumkataza mkate. Nia ya bibi ni nzuri na mtoto kapata nafuu, lakini miezi hiyo yote bila ngano damu inaweza ikawa imeshajisafisha, mkapewa majibu "hana kitu" na mkadanganyika. Mwelezeni dokta ukweli kwamba kaacha toka Ramadhani. Anaweza kuwaambia arudishiwe ngano kila siku kwa muda, mara nyingi ni wiki sita au zaidi, ndo apimwe. Msimrudishie wenyewe bila dokta kwa sababu ni mdogo na wengine wanaumia sana wakirudi. Na waangalie na mengine, giardia, kijidudu cha tumboni, inaweza kuutesa utumbo wa mtoto ukafanana hivihivi.

Babu_Pongwe:

Tutakwenda Jumatatu inshallah. Yale ya biashara nayafuta.

MamaNuru_Makorora:

Wadau nimerudi, samahani kwa ukimya wa wiki. Babu shikamoo, nakuombea mjukuu.

Nilienda mashineni. Sikupeleka mahindi, nilienda kukaa tu. Nimekaa kuanzia saa tatu mpaka saa sita, nimehesabu lishe zilizosagwa zenye ngano ndani NNE, na mama mmoja kaleta ngano tupu ya kusagia unga wa brauni. Kaka wa mashine mtu mzuri sana, nilipomweleza akasema mama mi sikujua, ungeniambia. Na kweli sikuwahi kumwambia, ningejuaje mwenyewe. Mvuvi wa Kaole Mungu akulipe, mi nimelia palepale kama wewe.

Shuleni uji ni wa sembe ila sembe yenyewe nani anajua imesagwa wapi, nimekubaliana na mwalimu Nuru anakuja na chupa yake ya uji. Mwalimu kaelewa kuliko nilivyodhani, nilimpelekea zile karatasi nne nimezipanga kwa tarehe, akaona 200, 86, 41, akasema kumbe hii ni kitu ya kweli.

Dokta nimempigia. Kasema hiyo 58 tusiihesabu, turudi maabara ya mwanzo baada ya miezi mitatu tukishabadilisha unga, damu itatolewa hapa isafirishwe kama mlivyoniambia. Mdogo wake Nuru atapimwa wiki ijayo, kapewa ruhusa ya kula maandazi mpaka siku hiyo na amefurahi balaa, anakulia kwa jirani.

Sasa la mama mkwe. Nilimsomea majibu yenu yote kwa sauti, mpaka ya babu. Alinyamaza sana. Alafu akaniuliza, "hiyo slesi vipande arobaini, kimoja tu?" Nikamwambia ndio mama. Asubuhi yake nikamkuta uani anaosha kile kinu chake cha zamani, kakisugua na mchanga na maji ya moto, kakianika, akasema hiki ni cha Nuru, kisiguswe na mtu, mchele wa vitumbua vyake ntautwanga mwenyewe. Ana miaka sabini na mbili jamani.

Idd anataka kumpikia mkate wa kumimina ila anasema ule wake wa zamani aliweka kijiko cha unga wa ngano ushikane. Mvuvi, mkeo anaufanyaje bila ngano usikatike?

Mvuvi_wa_Kaole:

Mpe bibi salamu zangu, shikamoo yake.

Mke wangu yuko hapa pembeni anasema mchele uloweke usiku kucha, asimwage haraka. Usagwe laini kabisa na tui zito, tui la kwanza, yasiongezwe maji. Hamira, iliki, sukari, uachwe uumuke mpaka ujae. Kinachoushika badala ya ngano ni ute wa mayai mawili, upigwe utoe povu uchanganywe mwisho kabisa taratibu na mwiko. Sufuria ipakwe mafuta iwe imeshapata moto kabla hajamimina, moto wa chini mdogo, mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko.

Na asikate ungali wa moto. Anasema hapo ndo wengi wanapoharibu.